Kocha wa viungo kwenye timu isiyo na gym: nianzie wapi?

Kipenga82
Wakuu, habari. Nina diploma ya michezo na leseni ya D, nimepewa kitengo cha viungo timu ya Championship. Vifaa ni koni na saa ya sekunde tu. Mechi Jumamosi. Mwezi huu wachezaji 3 wameumia nyama za paja. Nianze na nini, na nisomee nini nifike Ligi Kuu?

MsuliNaMfupa
Mkuu, anza na daftari. Nusu saa baada ya mazoezi muulize kila mchezaji: kutoka 0 hadi 10, yalikuwa magumu kiasi gani? Zidisha kwa dakika. Dakika 90 kwa ugumu wa 7 ni 630. Jumlisha kwa wiki. Aliyezoea 1,800 akipandishwa ghafla hadi 3,000, unamtafutia jeraha, hasa kama ametoka benchi. Muulize faraghani, mbele ya wenzake hakuna anayekiri kuchoka.

Kwa nyama za paja, fanya zoezi la Nodiki. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamkandamiza vifundo vya miguu, naye anashuka mbele polepole, mwili umenyooka kuanzia magoti hadi mabega. Akishindwa kujizuia anajipokea kwa mikono. Ligi ikiendelea: Jumanne baada ya mazoezi, seti 2 za 5, ongeza rudio moja kila wiki. Wengi huanza na seti 3 za 10, kesho yake timu nzima inachechemea na kocha mkuu analipiga marufuku. Kosa jingine ni kukunja nyonga: hapo mzigo unaitoka misuli ya nyuma ya paja.

Winga_wa_Kushoto
Nodiki bila mbio za kasi ni nusu ya kazi. Mechi ndogo za 4 kwa 4 zinachosha mapafu, ila uwanja ni mfupi, hakuna anayefikia kasi yake ya juu. Jumamosi misuli inakutana nayo bila kuizoea. Jumatano, wakishapasha vizuri, mita 30 mara 4 kwa kasi kamili, mapumziko dakika 2. Usizipeleke mwisho wa mazoezi, miguu ishachoka.

Wasiocheza Jumamosi wape mbio zao Jumapili. Hao husahaulika sana.

Kipenga82
Asanteni sana. Na shule?

DaftariLaKocha
Leseni ya D ni ya ukocha wa mpira, viungo ni fani nyingine. Tafuta shahada ya sayansi ya michezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha. Ukiipata, fanya mtihani wa CSCS, cheti cha makocha wa viungo kinachotolewa na NSCA, chama chao cha Marekani: una sehemu ya sayansi na ya vitendo, na wanadai pia cheti cha kuokoa aliyesimama moyo. Kwa diploma pekee hawakupokei.

Lile daftari usilitupe msimu ukiisha. Mizigo ya kila wiki, majeruhi, na siku alizokaa nje kila mmoja: hayo ndiyo ya kuweka mezani unapoomba kazi klabu kubwa.