Kuweka 1ZZ-FE kwenye Corolla ya 5A-FE: nyaya zipi zinakwenda wapi?

Spana14
Salaam wakuu. Gari ni Corolla AE110 ya 1996, injini ya 5A-FE, gia za mkono. Nimepata injini ya 1ZZ-FE ya 2002, throto ya kebo, na gia boksi yake ya mkono, kontrol boksi (kompyuta ya injini) na nyaya zake zote ambazo hazijakatwa. Injini imeshakaa, umeme ndio umebaki. Niunge nyaya za injini mpya kwenye soketi za zamani, au nifanyeje? Kwa nyaya za muda inawaka sekunde mbili kisha inazima. Geji ya joto imekufa kabisa.

WayaMbili
Mkuu, usiguse nyaya za upande wa injini. Kuanzia kwenye sensa hadi kontrol boksi ziache kama zilivyotoka kiwandani. Kazi yako ni pale zinapokutana na gari, na hapo hazifiki hata nyaya 15. Tafuta mchoro wa kontrol boksi yako kwa namba iliyoandikwa juu yake, usifuate rangi za nyaya, kwa sababu rangi hubadilika toka modeli moja hadi nyingine.

Kwenye kontrol boksi, pini ya BATT inataka moto wa kudumu (umeme chanya usiokatika) kupitia fyuzi. IGSW inataka moto wa swichi, na moto huo usikatike wakati starta inazunguka. Watu wengi huuchukua kwenye waya wa redio, kisha gari haliwaki kwenye starta, linashtuka tu ukiachia ufunguo. STA huungwa kwenye waya wa starta. FC ndiyo inayovuta rilei ya pampu ya mafuta kwa kuipa ethi (hasi), kwa hiyo inaingia moja kwa moja kwenye rilei yako ya zamani. W ni taa ya injini kwenye dashibodi, TACH ni mita ya mzunguko. Kama kuna pini ya MREL, hiyo inawasha rilei kuu yenyewe. Usiiache ikining'inia halafu ukawasha rilei kwa swichi.

Soketi ya OBD (ya kuchomeka mashine ya kusomea hitilafu) ihamishe pia: pini ya 16 moto wa kudumu, ya 4 na ya 5 ethi, ya 7 inakwenda kwenye pini ya SIL ya kontrol boksi. Bila hiyo utakuwa unabahatisha.

Plagi_Kavu
Kuhusu kuwaka na kuzima, kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni imobilaiza, mfumo wa kuzuia wizi. Kama injini ilitoka kwenye gari lenye ufunguo wa chipu, kontrol boksi inasubiri kuutambua. Inabidi uwe na ufunguo, koili inayozunguka swichi na boksi lake, au upate kontrol boksi isiyo na imobilaiza.

Wa pili ni IGF. 5A-FE ilikuwa na distributa, lakini 1ZZ ina koili nne, kila moja na nyaya nne: moto, ethi, IGT na IGF. IGT ni amri ya kuchoma, IGF ni jibu kwamba cheche imetoka. Kontrol boksi isipopata jibu inafunga nozeli za mafuta. Ukipata kodi ya hitilafu P1300, anza na moto na ethi ya koili kabla ya kununua chochote.

Spana14
Asante sana wakuu. Mafuta je? Pampu ni ile ile ya zamani.

WayaMbili
Pampu inatosha, shida ni presha. 5A-FE ina regulata ya presha kwenye reli ya nozeli na bomba la kurudisha mafuta tangini. Reli ya 1ZZ haina bomba la kurudisha, na inataka takriban kPa 304 hadi 343 muda wote. Weka regulata ya nje ya baa 3 hivi, usiiunge kwenye vakyumu, na mafuta ya ziada yarudi tangini kwa bomba lako la zamani.

Chukua pia boksi la filta ya hewa la 1ZZ. Sensa ya hewa imepimwa kwa kipenyo cha bomba lake. Ukiipachika kwenye bomba jembamba au pana, hesabu ya mafuta inakosea.

Plagi_Kavu
Geji ya joto: sensa ya nyaya mbili ya 1ZZ ni ya kontrol boksi, geji yako haiwezi kuisoma. Chukua sensa ya waya mmoja ya 5A-FE, ifunge kwenye bomba la chuma katikati ya hozi ya juu ya rejeta. Bomba hilo liko kati ya mpira na mpira, kwa hiyo halina ethi. Lipe waya wake hadi kwenye bloku, la sivyo sindano haitainuka.

Ethi kuu nayo usiidharau. Weka multimita kati ya bloku na hasi ya betri huku starta inazunguka. Ikizidi volti 0.2, ongeza mkanda mnene wa ethi. Pini ya E2 ni ethi ya sensa peke yake, usiiunge kwenye bodi.

SPD, pini ya mwendo wa gari, nayo inahitaji sensa ya gia boksi inayotoa mapigo manne kwa mzunguko mmoja. Ukiiacha wazi gari litatembea, lakini litakuwa linazima ukikaribia kusimama, na kodi P0500 itabaki.

Viungo vyote bana kwa koleo na uvike mpira unaosinyaa kwa joto. Lehemu peke yake hukatika ukingoni kwa mtikisiko wa injini.