Nano, Vim au Micro: ipi inafaa na setingi zake za mwanzo, kwa umeme huu wa kwetu?

Mikindani_Seva: Wakuu habari za jioni. Nafundisha vijana hapa Mtwara kazi za seva za Linux, nataka niwape edita (programu ya kuandika na kurekebisha faili) moja ya teminali, yaani skrini ya amri, ambayo wakiikuta kwa mtu haijaguswa chochote bado kazi inaenda, maana vimrc zao (faili za setingi za Vim) hawatatembea nazo kila mahali. Na umeme wetu mnaujua ulivyo.

fundi_nachingwea: Nano mkuu. Kwenye Linux ya Ubuntu unaikuta imo, amri ziko chini ya skrini, hata wa Linux ya Fedora waliihamia kuanzia toleo la 33 mwaka 2020. Ila angalia toleo la nano, kabla ya 4.0 ilikuwa inakata mstari mrefu yenyewe na kuushusha chini, faili la konfigi (setingi za programu) linaharibika hivi hivi unaliangalia, kwenye seva za zamani fungua na nano -w.

dada_lindi: Kaka si umeshasema umeme, basi kigezo kiwe hicho hicho. Vim bila kuambiwa kitu inaweka faili la .swp pembeni, inaliandika kila ukifikisha herufi 200 au ukituliza mikono sekunde 4, umeme ukirudi unaandika vim -r na jina la faili unakuta karibu kazi yote ipo. Nano haina hiyo. SSH (njia ya kuingia seva ya mbali) ikikatika inakuachia faili lenye mwisho wa .save, hapo naipongeza, lakini mashine yenyewe ikizima ghafla usichosevu kimeenda. Mtu yuko Lindi na desktopu isiyo na UPS (betri ya akiba) unampaje nano?

fundi_nachingwea: Kwa desktopu nakubali dada yangu. Ila hawa wataingia seva za mbali, seva iliyoko Dar haijui kama Lindi kuna giza. Halafu Ubuntu nyingine ina vim-tiny tu (Vim iliyopunguzwa), ukiifungua kwa amri ya vi ukabonyeza mshale huku unaandika zinatoka A B C D, mwanafunzi mgeni anavunjika moyo hapo hapo.

masasi_kodi: Micro nayo inatunza nakala bila kuombwa, Ctrl+S ni kusevu, kipanya kinafanya kazi, namba za mistari zipo, mimi naipenda sana lakini kwenye seva ya mtu huikuti. Na kwa wa Vim, tangu 8.0 ya 2016 usipokuwa na vimrc inapakia defaults.vim (faili la setingi zake za mwanzo), rangi zinakuja zenyewe, ila ukitengeneza ~/.vimrc hata ya mstari mmoja hizo zote zinaondoka, mpaka uandike source $VIMRUNTIME/defaults.vim juu kabisa.

Mikindani_Seva: Asanteni sana. Nano kwa kazi za SSH, Vim kamili kwenye desktopu za darasani. Dada, baada ya vim -r nafanyaje?

dada_lindi: Sevu kwa jina jingine kwanza kaka, :w mpya.txt, linganisha na la zamani kwa amri ya diff inayoonyesha tofauti, ukiridhika ndiyo ufute ile .swp, usipoifuta itakuuliza kila ukifungua.