Tupeane uzoefu: printa yako ya leza ilipoanza kuchafua karatasi, ubovu ulikuwa wapi?

Kopi Mbili
Wakuu, habari za jioni. Nina kasteshenari kadogo karibu na geti la chuo, na mwezi uliopita kamenitia adabu.

Printa ilianza kuacha nukta nyeusi pembeni mwa kila ukurasa, ndogo kama punje ya ufuta. Nikajua tona, ile katriji ya unga wa kuprintia, imechoka, nikanunua nyingine. Nukta ipo. Nikajua nimeuziwa feki, nikaenda duka la pili. Nukta ipo palepale, na wanafunzi wenye ripoti za kukabidhi wamepanga foleni wananitazama.

Nikamwita fundi. Hakugusa printa kwanza. Aliomba ukurasa mmoja na rula. Akapima kutoka nukta hadi nukta: sentimita 9.4, na tena 9.4. Akaniambia kuna kitu kinachozunguka humo ndani, kikimaliza mzunguko mmoja kinapiga muhuri. Dramu ya printa hii, ile rola inayoupeleka unga kwenye karatasi, ina kipenyo cha milimita 30, zidisha kwa 3.14 uone. Kwenye printa yangu dramu na tona vimetengana, kwa hiyo ningeweza kununua tona hadi duka la mwisho na dramu ikabaki ileile.

Akaitoa, akawa anaizungusha polepole kwa gia ya pembeni, ukurasa wenye nukta ameuweka sambamba nayo ili ajue atazame usawa gani. Kumbe gundi! Wiki moja kabla nilikuwa nimetoa stika za mteja, kikaganda kipande kidogo mno. Akakisugua taratibu kwa kijiti cha pamba kikavu, bila maji wala spiriti, kikatoka. Kazi ya dakika kumi.

Karibuni na yenu, tusije tukaliwa hela mara mbili.

Mwalimu wa Zamu
Mkuu pole. Mimi niko Tanga, na mchawi wangu alikuwa masika.

Tulikuwa tunatoa mitihani ya muhula. Maandishi yakawa yanatoka na mabaka, hapa yamekolea, hapa yamepauka kama nguo iliyofuliwa kwa jiki. Karatasi zinajikunja kama mkeka, na nyingine zinakwama. Kilichonitisha ni mvuke. Nauona kwa macho yangu unatoka pale karatasi inapotokea, nikakimbilia kuchomoa waya nikidhani inaungua.

Rimu zote tulikuwa tumezilaza sakafuni stoo, zimeegemea ukuta, na karatasi zake za kufungia tumeshazivua. Karatasi zimekunywa unyevu siku nyingi. Zikipita kwenye ile rola ya moto unyevu unageuka mvuke, na kabla ya hapo unga haujashika vizuri kwa sababu karatasi yenye maji haibebi chaji inavyotakiwa. Nilichukua rimu mpya, nikaifungua palepale, ukurasa ukatoka safi kabisa. Printa haikuwa na kosa lolote.

Sasa rimu zetu zinakaa juu ya meza, na iliyofunguliwa ikibaki inarudishwa kwenye nailoni yake.

Bi Kadi
Mimi natengeneza kadi za michango ya harusi. Nilitoa kadi 150 usiku, zinapendeza, nikalala. Asubuhi kamati wamekuja, mama mmoja akapitisha kidole juu ya kadi, jina la bibi harusi likahamia kwenye kidole gumba chake. Sikujua nicheke au nilie.

Unga wa tona haukauki kama wino, unayeyushwa na joto na kukandamizwa. Ile fyuza, yaani rola ya moto aliyoitaja mwalimu, inafika takriban nyuzi 200, lakini kadi nene inakula joto, na mimi setingi nilikuwa nimeiacha kwenye karatasi ya kawaida. Ingia kwenye setingi za kuprinti, sehemu ya aina ya karatasi, chagua nene. Itatoka polepole zaidi ili joto lipate muda wa kuingia. Na msipitishe karatasi ya plastiki isiyo ya leza, itayeyuka ndani na hapo ndipo utanunua fyuza.

Mzee wa Bana Matumizi
Mimi ubahili uliniponza. Ofisini tunatumia karatasi zilizoandikwa upande mmoja kuprinti rasimu. Moja ilikuwa na pini ya stepla. Tangu siku ile mstari mwembamba mweusi kutoka juu hadi chini, ukurasa baada ya ukurasa. Dramu imechanika, hakuna cha kusafisha hapo, ni kubadilisha tu. Karatasi za bure zile ziligharimu kuliko rimu kumi.

Chupa ya Unga
Kwangu ukurasa wote ulikuwa kijivu, kama umeprintiwa kwenye moshi. Baada ya kujaza tona mtaani. Tuache ubishi, tona za kujaza ni takataka.

Bisibisi
Hapana kaka. Najaza katriji kila siku, na wateja wanarudi kwa hiari yao. Kijivu kinakuja ukiweka unga usio wa katriji ile, au ukijaza juu bila kumwaga unga uliotumika, kile chumba cha taka kikafurika. Na wapo wanaoacha dramu wazi juani dirishani huku wanakunywa chai. Dramu inaona mwanga, ndiyo kazi yake, ukiichoma na jua inakurudishia mkanda mweusi kwenye ukurasa.

Niwape njia yangu. Anza kuprinti, karatasi ikifika katikati fungua kifuniko. Vuta karatasi taratibu, usiguse fyuza, inaunguza. Tazama maandishi ambayo bado ni unga. Kama tayari yana uchafu, ubovu uko kwenye katriji au dramu. Kama ni safi lakini ukurasa kamili hutoka mchafu, itazame fyuza. Unga ukikumwagikia nguoni, maji ya baridi. Ya moto yanaupika kwenye kitambaa.

Chupa ya Unga
Ungeniambia mapema. Shati nimeshalipiga pasi.

Mgeni Mlangoni
Fundi, yangu ina mstari mweupe wa wima katikati, unakata kila neno. Tona nimeitikisa.

Bisibisi
Baada ya kuitikisa mstari ulipungua au ulibaki vilevile?

Mgeni Mlangoni
Vilevile.

Bisibisi
Basi kuna kitu kinaziba mwanga wa leza. Zima, chomoa waya, toa katriji, tafuta kioo chembamba kirefu kwa ndani. Kipanguse na kitambaa kikavu kisicho na nyuzi. Ukirudi useme.

Mgeni Mlangoni
Kulikuwa na utando wa buibui! Umetoka, maandishi yamekamilika. Mungu akubariki.

Kopi Mbili
Asanteni wote, mwalimu ile ya mvuke nimeihamisha kwenye daftari. Halafu, mwenye printa ya dramu na tona mbalimbali anicheki inboksi. Ninazo tona mbili, kila moja imetoa kurasa zisizozidi ishirini, zote zenye nukta.