Ni wakati gani mwafaka wa kuacha kazi ya mauzo yenye maslahi mazuri lakini isiyoniridhisha?

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Ndugu zangu, naomba ushauri. Mimi ni afisa mauzo wa kampuni inayosambaza bidhaa za majumbani hapa Tabora mjini, na ruti yangu ni Urambo na Kaliua. Mshahara unaingia kwa wakati, pikipiki na mafuta ni vya kampuni, na wakulima wa tumbaku wakishalipwa, maduka ya huko huagiza mzigo mkubwa kiasi kwamba kamisheni peke yake hunilipia ada za watoto. Hata hivyo, nilisomea ufugaji nyuki katika chuo chetu cha hapa hapa Tabora, na kila ninapomkuta mwenye duka amepanga asali iliyokwisha kutoa povu kwenye chupa kuukuu za maji, huku mimi nikimshawishi aongeze katoni za sabuni ilhali za mwezi uliopita bado ziko stoo, naona kwamba ninaifanya kazi ya mtu mwingine. Natamani kununua asali ya Sikonge, niichuje na kuifungasha mwenyewe. Mke wangu hapingi, ila ananiuliza nitajuaje kwamba wakati umefika, nami sina jibu.

Mama wa Isevya

Kaka, usiamue kwa kuuangalia uchovu, kwa maana mtu wa mauzo huchoka kila lengo lisipofikiwa na husahau yote kamisheni ikiingia. Jiulize kama ungebaki iwapo kesho ungefanywa supavaiza. Ukiona hata cheo hakikuvutii, basi tatizo si bosi wala ruti.

Ugumu wako hasa uko kwenye kalenda. Msimu mkubwa wa asali katika miombo yetu huangukia katikati ya mwaka, wakati ule ule tumbaku inapouzwa na kampuni inapokuhitaji kuliko wakati mwingine wowote, kwa hiyo kama ulifikiria kuijaribu biashara hiyo Jumamosi na Jumapili, sahau. Omba likizo yako ya mwaka, ambayo kisheria ni siku 28, iangukie hapo. Nunua madumu machache tu, upime maji yaliyomo kwenye asali kwa rifraktomita, yaani kile kifaa cha kupimia maji hayo, kabla hujatoa fedha (yakizidi asilimia 20 asali huchachuka, na ndilo hilo povu uliloliona), kisha uwauzie watu wasiokujua. Ndugu na marafiki watanunua mara ya kwanza kwa kukuonea haya. Wewe wahesabu wanaorudi.

Mzee wa Kiloleni

Naunga mkono, ila hesabu yenu ina tundu. Asali hununuliwa kwa mkupuo wakati wa msimu na kuuzwa kidogo kidogo mwaka mzima, hivyo mtaji wako utakaa ndani ya ndoo huku watoto wakitaka kula. Unahitaji mafungu mawili yasiyogusana, moja la kununulia asali na lingine la nyumbani, na hilo la nyumbani likokotolewe bila pikipiki, bila mafuta na bila bima ya afya ya kampuni. Mafungu hayo yasipotimia, endelea kuuza sabuni, wala si aibu.

Utumishi Mstaafu

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi hutoa taarifa ya maandishi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Kiinua mgongo cha sheria hiyo hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira, kwa hiyo usikiweke kwenye bajeti yako. Dai malipo ya likizo ambayo hujaichukua pamoja na cheti cha utumishi, na ukabidhi pikipiki na madeni ya wateja kwa maandishi yenye sahihi ya anayepokea. Nimeona wengi wakisumbuliwa kwa madeni ya maduka baada ya kuondoka.

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Nashukuru sana. Swali la usupavaiza nimelijibu bila kusita, sikitaki cheo hicho. Fungu la nyumbani halijatimia, na ada za muhula ujao bado ziko mbele yangu, kwa hiyo barua ninayoiandika sasa ni ya kuomba likizo msimu ujao wa asali. Je, kuna anayewafahamu warinaji wa Sikonge wanaokubali asali yao ipimwe kwanza ndipo bei ijadiliwe?