Mjadala: Shahada ya sanaa za maonyesho ina kazi gani nje ya jukwaa?

Mwanzisha Mada
Kila msimu wa kuomba vyuo swali hili hurudi. Nafasi za uigizaji ni chache kuliko wahitimu, kwa hiyo wengi watafanya kazi nyingine. Je, masomo yale yanawaandaa, au tunawafariji? Mimi nasema yanawaandaa. Mhitimu amezoea tarehe isiyosogezwa: tiketi zikishauzwa, onyesho haliahirishwi eti rangi ya mandhari haijakauka. Leteni hoja na mifano ya kazi zenyewe. Habari za "kujiamini" tumezichoka.

Hesabu Kwanza
Kuongea mbele za watu hufundishwa kwa kozi ya wiki chache. Miaka mitatu na ada yake ya nini? Hiyo ndiyo hoja yangu. Tena tuache kukuza vyeo. "Msimamizi wa jukwaa" ni mpanga viti. Akiomba kazi ya kusimamia miradi kwa sifa hiyo, anategemea nini?

Nyuma ya Pazia
Mpanga viti? Mkuu, hapo umegusa usichokijua. Msimamizi wa jukwaa ndiye mwenye daftari la onyesho: upande mmoja mswada, upande wa pili kila badiliko la taa, sauti na mandhari, na namba yake. Onyesho likishaanza, mwongozaji hana amri tena. Anayeendesha ni huyu. Kwenye hedifoni anasema "taa 47, kaa tayari". Fundi anajibu "tayari". Kisha "taa 47, nenda". Neno "nenda" halitamkwi kwa jambo lingine lolote kwenye laini hiyo, maana kidole kiko juu ya kitufe na fundi atabonyeza. Usiku uleule anaandika ripoti: lilianza saa ngapi, kila sehemu ilichukua dakika ngapi, nani alichelewa, nani ameumia, kipi kimevunjika na idara ipi ikirekebishe kabla ya kesho. Msimamizi wa miradi anafanya nini zaidi ya hapo?

Hesabu Kwanza
Anawajibika kwa fedha. Wewe umenieleza msomaji wa namba.

Fundi Taa
Fedha zipo pia. Kila idara hupewa fungu lake, maleba (mavazi ya waigizaji), mandhari, taa, na fungu likiisha hakuna la kuongeza. Ila Nyuma ya Pazia ameacha jambo kubwa: huiti badiliko pale neno la mwigizaji linapotamkwa, unaliita kabla yake. Kuna muda wa sikio la fundi, kidole chake, na kitu chenyewe kuanza kusogea. Pazia zito huchelewa kuliko taa. Ukingoja mwigizaji amalize sentensi ndipo useme "nenda", umeshachelewa, na giza litaingia huku mtu bado yuko katikati akitafuta njia ya kutoka.

Nyuma ya Pazia
Sijaliacha, kaka. Ndiyo sababu ya kufanya mazoezi ya ufundi: mnaruka mazungumzo, mnatoka badiliko moja hadi jingine, na kila penye kasoro mnarudia mpaka wakati wa kuita ukae sawa. Kila badiliko linaandikwa daftarini kwa penseli kwa sababu litahama.

Sauti Tamu
Naomba turudi kwenye mada. Walimu, wahubiri na watu wa simu hukauka sauti kwa sababu wanasukuma kutoka kooni. Mwanafunzi wa sanaa hufundishwa kupumua kwa kushusha kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, mbavu zikapanuka, mabega yakatulia, na kupasha sauti kwa kuvumisha midomo ikiwa imefungwa kabla ya kupaza. Hilo halikai mwilini kwa wiki mbili. Halafu kuna kazi ya kuigiza mgonjwa ili wanafunzi wa udaktari wafanye mazoezi na mitihani. Nadhani ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 60.

Daktari Msomaji
Ni 1963, dada. Aliyeianzisha ni Howard Barrows, daktari wa neva, University of Southern California.

Hesabu Kwanza
Na wengi wa hao wagonjwa wa kuigiza hawajasoma uigizaji. Mmejifunga wenyewe.

Sauti Tamu
Ni kweli, wengi hawajasoma. Lakini tazama kazi yenyewe. Anakariri kisa kizima: maumivu yalianza lini, yanaelekea wapi, dawa gani ameshatumia. Anajibu alichoulizwa tu. Mtahiniwa wa kwanza na wa kumi na mbili lazima wakutane na mgonjwa yuleyule, kisha anajaza fomu ya nani aliuliza nini. Kinachoharibika ni mtu kuongeza machozi kadiri siku inavyokwenda, au kudokeza jibu kwa huruma. Hapo mtihani si wa haki tena. Kurudia jambo lilelile likiwa hai kila mara ndiyo kazi ya mwigizaji usiku kwa usiku.

Jukwaa la Wote
Mmemsahau Augusto Boal wa Brazili. Alitoka jukwaani akawa diwani Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, akitumia maonyesho ya wananchi kutunga sheria.

Hesabu Kwanza
Boal alisomea uhandisi wa kemia! Mfano wenu bora hana shahada mnayoitetea.

Mwanzisha Mada
Turudi kwa mwajiri. Mhitimu asiandike "nimesimamia jukwaa", hakuna atakayemwelewa. Aandike: niliratibu ratiba ya watu kadhaa katika idara tano kwa wiki sita, nikatoa ripoti kila siku, tukafungua kwa tarehe iliyopangwa. Mwigizaji naye ataje alichofanya: utafiti wa mhusika, kuhoji watu, kupokea masahihisho leo na kuyatekeleza kesho.

Hesabu Kwanza
Mwajiri atathibitishaje?

Nyuma ya Pazia
Aombe ripoti za maonyesho. Zina tarehe, saa na makosa yote ya usiku ule. Msimamizi wa kweli huzitunza.