Mjadala: Bibi wa miaka 67 na baiskeli yake, kosa liko wapi?

Mtoa mada: Wana Tanga, tusemezane kwa adabu. Mtaani kwetu Ngamiani yupo bibi wa miaka 67, mjane. Eda aliikaa yote, miezi minne na siku kumi, hata harusi ya mjukuu hakwenda. Ilipokwisha akatoa stoo baiskeli ya marehemu, akaipeleka kwa fundi. Sasa maji yakijaa alfajiri, akishaswali tu, huyo Raskazone kuogelea na mashoga zake.

Wanawe wanataka ahamie Dar es Salaam kwa mkubwa wao, "akapumzike". Amekataa, na mtaa umegawanyika. Wengine wanasema anawaaibisha watoto.

Mimi naona baiskeli ni kisingizio. Mama na baibui lake juu ya baiskeli, Tanga hii, kimekuwa kioja tangu lini? Soko la Mgandini wanakwenda hivyo kila siku. Na huko Dar anakoitiwa mapumziko kuna wajukuu watatu, na dada wa kazi kaondoka mwezi uliopita. Hesabu hiyo fanyeni wenyewe.

Mchangiaji wa kwanza: Mwanangu, una ulimi. Mazoezi sipingi. Lakini usiku akiteleza chooni, nani atajua? Usimcheke mtoto anayelala na hofu hiyo. Na mtu mzima ana haiba yake, bwana.

Mtoa mada: Shikamoo mama. La chooni nimelikubali, na ndilo pekee lenye uzito. Ila uani ana mpangaji, tena mwema. Hilo la haiba ndilo linanishinda. Bi Kidude tulimshangilia jukwaani uzeeni, mpaka anafariki 2013 tunamsifu. Kwa nini? Hakuwa mama yetu.

Mchangiaji wa pili: Tusisahau sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68: mjane yuko huru kuishi anakotaka na kuolewa na amtakaye, ila aliyeolewa Kiislamu amalize eda kwanza. Umri hakikutaja.

Mchangiaji wa kwanza: Haya, na akitaka kuolewa je? Mtamchezea ngoma?

Mtoa mada: Hapo mtaa utawaka moto! Nilimuuliza mwenyewe juzi, kwa utani. Akacheka mpaka akakaa kitako barazani. "Mjukuu wangu, niache kwanza nibadilishe breki."