Gumzo la majirani: jambo gani la mtaa wetu lianze kwenye bajeti?

Mama Salma: Habari za jioni majirani, shikamooni wakubwa. Nimetoka Mabibo sasa hivi, kwenye semina ya Jumatano ya TGNP, yaani Mtandao wa Jinsia Tanzania. Leo tumezungumzia vipaumbele vya bajeti. Kila aliyehudhuria ameombwa arudi mtaani kwake, watu wakae, wachague jambo wanalolitaka hasa. Naomba tuongee hapa kabla ya mkutano wa mtaa Jumamosi.

Bi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Pole na foleni.

Baba Kelvin: Mama Salma, samahani, niulize kabla hatujafika mbali. Hao ni wa chama gani? Tulishakubaliana humu siasa hapana.

Mama Salma: Umeuliza vizuri baba Kelvin. Hawana chama. TGNP ipo tangu 1993, haisimamishi mgombea wala haimpigii mtu kampeni. Akichaguliwa diwani wa chama chochote, wanamfuata na madai yale yale. Lakini kutokuwa na chama si kunyamaza. Tangu 1997 wanaichambua bajeti ya serikali kwa jicho la jinsia: hela hii inamfikia nani, na nani kasahaulika. Wanasema wazi wazi, hata kama inauma.

Baba Kelvin: Hapo sawa, nimeelewa. Tuendelee.

Rehema Fundi: Mimi nasema taulo za kike. Wateja wangu wanakuja na mabinti zao, unasikia mtoto anakosa shule kila mwezi kwa sababu ya pedi. Kodi iondolewe! Kenya waliiondoa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwenye pedi tangu 2004.

Asha wa Duka: Shoga, hata kwetu iliondolewa, bajeti ya 2018/19. Mwaka uliofuata ikarudishwa, serikali ikasema bei kwa mlaji haikushuka.

Rehema Fundi: Kwa hiyo mtoto wa kike ndiye aadhibiwe kwa bei ya wafanyabiashara? Inaniuma sana hiyo.

Neema: Na sheria ya ndoa je? Mahakama Kuu ilisema 2016 kwamba vifungu vinavyoruhusu binti kuolewa na miaka 15 ni kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani 2019 ikasema hivyo hivyo. Sheria yenyewe ni ya 1971. Mimi nina miaka 19, wapo niliosoma nao msingi wana watoto wawili. Naomba hili lisirukwe.

Bi Mwanaidi: Umesema kweli mjukuu wangu. Mimi niliolewa sijui hata kupika wali.

Mama Salma: Neema, Rehema, halirukwi hata moja. Ila naomba mnisikilize, maana hili ndilo nililotoka nalo leo. Kila jambo lina mlango wake. VAT na sheria ya ndoa zinaamuliwa Bungeni Dodoma. Huko mtaa peke yake hausikiki, tunaungana na mitaa mingine na mikoa mingine, TGNP na wenzao wanabeba kwa pamoja. Lakini yapo yanayoamuliwa hapa hapa na madiwani wetu, kwa mapato ya ndani ya manispaa. Hayo tukinyamaza sisi, hakuna wa kutusemea. Na muda hautusubiri. Madiwani wanapitisha bajeti yao mwanzoni mwa mwaka. Juni, Waziri wa Fedha anaposoma ya taifa na sisi tumekodolea redio, ya kwetu imeshapita zamani.

Asha wa Duka: Basi ya karibu ni mkopo wa vikundi wa asilimia 10 ya hayo mapato ya ndani. Wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, hauna riba na upo kisheria. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarudi 2024. Kikundi chetu kilikaa na fomu mkononi muda wote huo.

Mama Salma: Tuuweke. Manispaa ibandike ubaoni ofisi ya mtaa: imetengwa kiasi gani, vikundi gani vimepata, vingapi vinarejesha. Hilo halihitaji hata hela, ni karatasi na gundi.

Mzee Kondo: Nimewasoma wote. Kama mjumbe wa kamati ya mtaa naomba niseme. Mkija Jumamosi na mambo saba, mtendaji ataandika "changamoto mbalimbali" na kikao kifungwe. Nimeyaona hayo miaka mingi. Njooni na moja, lenye hesabu.

Rehema Fundi: Mzee wangu, shikamoo. Basi iwe choo cha shule. Pedi bila choo na maji haimsaidii mtoto. Juzi nimepeleka sare, nikakuta mapumziko wasichana wamepanga foleni mpaka kwenye mwembe, kengele ikagonga wengine hawajaingia. Binti mmoja kajifunga sweta kiunoni, anarudi darasani akiambaa ukuta asionekane nyuma. Milango miwili haina komeo, wanashikiana. Bomba kavu.

Bi Mwanaidi: Ya Rabi. Watoto wetu hao.

Neema: Nilisoma pale. Siku hizo tulikuwa hatunywi maji asubuhi ili tusiende chooni.

Mama Salma: Neema, umenitoa machozi. Hili liwe la kwanza. Na hesabu ipo mzee: mwongozo wa serikali unasema tundu moja kwa wasichana 20, wavulana 25. Tukipata idadi ya wasichana, tukahesabu matundu yanayofanya kazi, pengo lenyewe ndilo ombi letu. Tuongeze maji na chumba cha kujisitiri chenye ndoo yenye mfuniko na mlango unaofungwa kwa ndani.

Baba Kelvin: Naunga mkono. Mimi ni fundi ujenzi, nitaandika makadirio ya matofali, mabati, saruji na shimo. Wasije wakatuambia hatujui gharama.

Asha wa Duka: Mkopo usisahaulike jamani.

Mama Salma: Ni wa pili, Asha, utausema wewe mwenyewe. Neema ataandika ya sheria ya ndoa na Rehema ya VAT, nitazipeleka Mabibo Jumatano. Nani anakwenda kwa mwalimu mkuu?

Rehema Fundi: Mimi na Neema, kesho saa nne.

Mzee Kondo: Mwalimu atataka barua, hawezi kuwapa takwimu mikono mitupu. Piteni kwangu saa mbili, twende wote kwa mtendaji akagonge muhuri.

Neema: Asante babu. Barua naiandika usiku huu, nikimaliza naiweka hapa muisome.

Baba Kelvin: Neema, ukifika pale pima na upana wa eneo nyuma ya darasa la saba. Futi kamba nitaiacha dukani kwa Asha.